Je, ni kweli Chile iliilalamikia Uruguay kwa kuchezesha "Waafrika wawili" mwaka 1916?

Swali: Nilimsikia mtangazaji mmoja wa michezo akisema kwamba katika mashindano ya kwanza ya mataifa ya Amerika Kusini, Chile ilipigwa na Uruguay, kisha ikataka matokeo yafutwe kwa madai kwamba wenzao wamechezesha "Waafrika wawili". Jambo hilo lilitokea kweli? Hao Waafrika walikuwa wa wapi? Na ni sahihi kusema ndio weusi wa kwanza duniani kuchezea timu ya taifa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mchezo unaouulizia ulichezwa Buenos Aires, Argentina, Jumapili ya tarehe 2 Julai 1916. Uruguay ilishinda mabao 4-0. Ndio uliofungua mashindano ambayo leo tunayaita Copa América. Katika kikosi cha Uruguay walikuwamo wachezaji wawili weusi: Isabelino Gradín, mshambuliaji wa upande wa kushoto aliyefunga mabao mawili kati ya yale manne, na Juan Delgado, kiungo. Historia ya mashindano hayo inasimulia kwamba ujumbe wa Chile ulilalamika kuwa wapinzani wamechezesha Waafrika, ukataka matokeo yatenguliwe. Haukufanikiwa. Matokeo yalibaki 4-0, Uruguay ikabaki na pointi zake, na kabla ya Julai kwisha ilikuwa bingwa wa bara.

Gradín na Delgado hawakuwa wageni kutoka Afrika. Walikuwa Waurugwai wa kuzaliwa, vizazi vya watu walioletwa utumwani. Na hawakuwa weusi wa kwanza kuchezea timu ya taifa. Mtangazaji wako hapo alikosea, ingawa kosa hilo amelirithi kwa wengi waliomtangulia. Hilo nitalifikia.

Ili uone kwa nini lalamiko lile halikuwa na mguu wa kusimamia, turudi nyuma kidogo. Buenos Aires na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, zinatazamana kuvuka mlango mpana wa mto Río de la Plata, na zama zile abiria alipanda meli usiku akaamka ng'ambo. Mpira uliletwa pande zote mbili na Waingereza waliokuja kujenga reli, kuendesha biashara na kufundisha shule. Klabu ya Peñarol, kwa mfano, ilianza mwaka 1891 kama klabu ya kriketi ya wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Kiingereza. Mwaka 1899 vijana wanafunzi wa Montevideo wakaanzisha Nacional, wakitaka klabu ya wenyeji. Timu za Argentina na Uruguay zilianza kukutana mwaka 1901, na Julai 1902 Argentina ikaenda Montevideo ikashinda 6-0.

Mwaka 1905 Thomas Lipton, yule tajiri wa majani ya chai, alitoa kombe la kushindaniwa na nchi hizo mbili. Aliweka sharti moja: kila mchezaji awe amezaliwa katika nchi anayoichezea. Katika mji ambao klabu kubwa zilikuwa na Waingereza wengi, maana ya sharti hilo ilieleweka na kila mtu. Shikilia hapo, maana ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Miaka 11 kabla ya lalamiko la Chile, mpira wa Río de la Plata ulikuwa umeshajiuliza nani ni mwenyeji, na ukajibu kwamba mwenyeji ni yule aliyezaliwa hapa. Gradín alizaliwa Montevideo mwaka 1897. Delgado alizaliwa Florida, mji ulio ndani ya nchi hiyo hiyo. Ukiwapima kwa kipimo cha Lipton, hawa wawili walikuwa wenyeji kuliko Waingereza wengi waliowahi kuvaa jezi za timu za eneo lile.

Na katika mashindano hayo hayo ya 1916, Brazil ilikuwa na Sidney Pullen, mchezaji wa Flamengo mwenye asili ya Kiingereza. Historia haisimulii kwamba kuna mtu aliyetaka Brazil inyang'anywe pointi kwa kuchezesha Mwingereza. Kinyume chake, Pullen aliaminiwa hata akapewa filimbi kuamua mchezo wa Argentina na Chile. Kwa hiyo uraia haukuwa shida. Kilichowashtua Wachile ni rangi.

Kwa nini iwashtue wao hasa? Chile ilifuta utumwa mapema, mwaka 1823, na kufikia karne ya 20 watu weusi nchini humo walikuwa wachache sana, kiasi kwamba Mchile wa Santiago angeweza kuishi maisha yake yote bila kuwa na jirani mweusi. Montevideo ilikuwa na historia nyingine. Wakati wa utawala wa Hispania ndiyo ilikuwa bandari ya kuingizia watumwa wa eneo zima la Río de la Plata. Waliletwa kutoka Kongo, Angola, pwani ya Afrika Magharibi na pia Msumbiji, yaani hata upande wetu huu wa Bahari ya Hindi ulitoa watu wake. Uruguay ilifuta utumwa mwaka 1842. Vizazi vya watu hao walibaki mjini, wengi wakiishi mitaa kama Barrio Sur, na huko ngoma zao za candombe zinapigwa hadi leo, ngoma tatu za ukubwa tofauti zikijibizana barabarani. Katika orodha ya vikundi vya weusi wa Montevideo wa zamani utakuta Wakongo, Wabenguela na Wamsumbiji, kila kundi na mfalme wake na siku yake ya sherehe.

Kuna jambo la pili lililofanya vijana kama Gradín wafike timu ya taifa, nalo ni siasa. Rais José Batlle y Ordóñez, aliyeongoza Uruguay mara mbili kati ya 1903 na 1915, alipanua elimu ya bure, na mwaka 1911 nchi ikaunda tume ya taifa ya elimu ya viungo iliyofungua viwanja vya michezo vya umma. Novemba 1915 ikapitishwa sheria ya siku ya kazi ya saa 8. Mtoto wa mfanyakazi alipata mahali pa kuchezea bila kuwa mwanachama wa klabu ya matajiri, na baba yake akapata muda wa kwenda kumtazama. Sisemi kwamba ubaguzi ulikoma Uruguay. Haukukoma, na weusi wa nchi hiyo watakueleza mengi. Lakini mlango wa mpira ulifunguka mapema kuliko kwa majirani.

Sasa tuje kwenye mashindano yenyewe, maana bila kujua yalivyoendeshwa mtu anaweza kudhani palikuwa na kamati ya rufaa kama hizi tulizozoea.

Argentina ilikuwa inaadhimisha miaka 100 ya uhuru wake, uliotangazwa tarehe 9 Julai 1816. Serikali iliandaa sherehe, na mpira ukawa sehemu yake. Walioalikwa ni majirani watatu: Uruguay, Chile na Brazil. Ulaya ilikuwa vitani. Siku moja kabla ya mchezo wa ufunguzi ndiyo siku yalipoanza mapigano ya Somme, na mashindano ya siku nyingi ya England, Scotland, Wales na Ireland yalikuwa yamesimamishwa tangu vita vilipozuka. Kwa kuwa unaniandikia kutoka Tanga, nitakwambia pia kwamba tarehe 7 Julai 1916, mashindano yakiwa yanaendelea, majeshi ya Uingereza yaliingia mjini kwako kuwafurusha Wajerumani. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikuwa wakifa kwa maradhi na njaa katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mwezi huo huo, upande wa pili wa dunia, vijana wawili weusi walikuwa wakiiwakilisha nchi yao kwa jina lake na bendera yake.

Timu nne zilicheza kila moja na mwenzake, ushindi ukiwa pointi 2 na sare pointi 1. Uwanja ulikuwa wa klabu ya Gimnasia y Esgrima, jijini Buenos Aires. Waamuzi walitoka humo humo miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Nimekwisha kumtaja Pullen. Carlos Fanta alikuwa kocha wa Chile, na bado alishika filimbi katika mchezo ulioamua ubingwa. Leo jambo kama hilo lingezua kesi ya mwezi mzima, lakini wakati ule lilichukuliwa kuwa uungwana wa wanamichezo. Ndiyo maana lalamiko la Chile lilikuwa zito kwa namna yake: lilivunja ule uungwana uliokuwa ndio kanuni pekee ya uhakika. Hapakuwa na sheria ya kuwatetea Gradín na Delgado. Shirikisho lenyewe la Amerika Kusini lilikuwa halijazaliwa siku mchezo ule unachezwa.

Bao la kwanza la historia ya mashindano hayo lilifungwa na José Piendibene wa Peñarol, mchezaji aliyeheshimiwa hadi akaitwa "El Maestro", mnamo dakika ya 44. Kipindi cha pili kikawa cha Gradín: alifunga mara mbili, na Piendibene akaongeza la nne. Gradín alikuwa bado hajatimiza miaka 19. Alikuwa na kasi ya kutisha, na sisemi hivi kwa kupamba, kwa sababu mwaka 1919 alikuwa bingwa wa riadha wa Amerika Kusini katika mita 200 na mita 400. Fikiria mabeki wa zama zile, waliofundishwa kumsubiri mtu mbele ya lango, wakikutana na mkimbiaji wa kiwango hicho mwenye mpira mguuni. Mshairi mmoja wa Peru aliyehamia Montevideo alivutiwa naye hata akamtungia shairi zima.

Chile haikupona. Argentina iliichapa 6-1, kisha Chile ikaambulia sare ya 1-1 na Brazil. Argentina na Brazil nao wakatoka 1-1. Tarehe 12 Julai Uruguay iliilaza Brazil 2-1 baada ya kutanguliwa kufungwa. Gradín akasawazisha na José Tognola akafunga la ushindi. Hesabu ikawa hivi: Uruguay pointi 4, Argentina 3, na mchezo uliobaki ni wao kwa wao.

Mchezo huo wa mwisho ulipangwa Jumapili ya tarehe 16. Watu walifurika kupita uwezo wa uwanja, wakamwagika hadi ndani ya mistari, na mpira ukasimamishwa baada ya dakika 5 tu. Waliolipa kiingilio wakakasirika, majukwaa ya mbao yakachomwa moto. Kesho yake timu zikahamia uwanja wa Racing, Avellaneda, kusini mwa jiji. Argentina ilihitaji ushindi. Kipa wa Uruguay, Cayetano Saporiti, hakuruhusu kitu. Sare ya 0-0 ikaipa Uruguay ubingwa kwa pointi 5, Argentina 4, Brazil 2, Chile 1. Gradín alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 3.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo lalamiko la Chile lilipojibiwa vizuri zaidi, kuliko kwa barua yoyote. Laiti Uruguay ingeogopa fitina ikawaweka benchi Gradín na Delgado kwa ajili ya amani, ubingwa ungeponyoka. Toa tu lile bao moja dhidi ya Brazil, Uruguay inaingia Avellaneda ikiwa na pointi 3 sawa na Argentina, na sare haiwi tena silaha yake. Viongozi wa Uruguay hawakuwatoa. Mara nyingi tunasimulia ubaguzi uliotendwa na kusahau kumtaja aliyekataa kuukubali.

Katikati ya mashindano hayo, tarehe 9 Julai, ndipo Mrugwai Héctor Rivadavia Gómez alipowasilisha wazo la kuunda shirikisho la bara, na likaundwa siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo CONMEBOL. UEFA ilikuja mwaka 1954. CAF yetu ilianzishwa mwaka 1957 na Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini, na hapa kuna jambo linalogusa swali lako moja kwa moja: Afrika Kusini haikucheza fainali za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika, Khartoum, mwaka huo kwa sababu ilikataa kuleta timu ya wachezaji mchanganyiko wa rangi. Wenzake watatu waliiondoa wakacheza wao. Mwaka 1916 waliolalamikia rangi waliachwa walalamike huku mpira ukiendelea. Mwaka 1957 waliotaka kubagua walitolewa nje kabisa. Kati ya matukio hayo mawili ni miaka 41.

Usidhani lakini kwamba mambo yalinyooka baada ya Uruguay kutwaa kombe. Mwaka 1920 timu ya Brazil ilipita Buenos Aires ikitoka kwenye mashindano ya Chile. Gazeti moja la hapo likawachora wachezaji wake kama nyani, na baadhi yao wakakataa kuingia uwanjani. Mwaka uliofuata, mashindano yakiwa tena Buenos Aires, Brazil ilipeleka timu isiyo na wachezaji weusi, na anayetajwa kutoa agizo hilo ni Rais Epitácio Pessoa mwenyewe, eti kulinda sura ya taifa mbele ya majirani. Brazil ilifuta utumwa mwaka 1888, ya mwisho katika mabara yote ya Amerika, na mpira wake uliendelea kubeba kovu hilo. Ukilinganisha, Chile ya 1916 ililalamikia weusi wa wenzao. Brazil ya 1921 iliwaficha weusi wake yenyewe. Sijui neno la kupunguza uzito wa hilo la pili.

Uruguay ilikwenda njia yake. Ilitetea ubingwa nyumbani Montevideo mwaka 1917. Kisha akaja José Leandro Andrade, kiungo mweusi mzaliwa wa Salto, aliyeng'ara Paris mwaka 1924 Uruguay ilipotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki, akarudia Amsterdam mwaka 1928, na akawemo kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930. Wafaransa waliomshangilia hawakujua kwamba njia ile ilikuwa imesafishwa na wengine. Gradín mwenyewe alifariki Desemba 1944 akiwa maskini, mpira wa zama zake ukiwa haujamwekea akiba.

Wengine huniuliza kama Afrika Mashariki tulikuwa na kitu cha namna hii. Tulikuwa nacho, ila kilichelewa miaka 10 na kilikuwa chini ya ukoloni: Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, likifadhiliwa na kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Tanganyika iliingia baada ya vita vya pili vya dunia na Zanzibar ikafuata. Mashindano ya CECAFA tunayoyajua yanatokana na kombe hilo.

Nimebakiwa na swali lako la tatu. Andrew Watson alizaliwa Demerara, Guyana ya leo, mwaka 1856, baba yake Mskoti na mama yake mwanamke mweusi wa huko. Tarehe 12 Machi 1881 aliichezea Scotland jijini London dhidi ya England, tena akiwa nahodha, na Scotland ikashinda 6-1. Hiyo ni miaka 16 kabla Gradín hajazaliwa. Kwa hiyo mtu akisema Gradín na Delgado ni weusi wa kwanza kung'ara katika mashindano ya bara zima, yuko kwenye njia. Akisema ni wa kwanza duniani kuchezea timu ya taifa, amemfuta Watson, na Watson amekwisha kufutwa vya kutosha.

Hata kusema Uruguay peke yake ndiyo iliyokuwa na damu ya Kiafrika uwanjani mwaka 1916 si sahihi, ingawa utalisoma mara nyingi. Brazil ilikuwa na Arthur Friedenreich, ambaye baba yake alikuwa wa asili ya Kijerumani na mama yake Mbrazil mweusi. Miaka mitatu baadaye, Rio de Janeiro, bao lake katika muda wa nyongeza ndilo lililoinyang'anya Uruguay ubingwa. Na lile bao ambalo Uruguay ilitanguliwa kufungwa tarehe 12 Julai 1916, likasawazishwa na Gradín, mfungaji wake alikuwa ni yeye.